Mbao za Ubavuni

Ukifika kwenye kinu cha kupasulia mbao huko Mufindi, utaliona rundo kabla hujaiona mashine. Ni mabanzi: vile vipande vya nje ya gogo, upande mmoja bapa na upande wa pili bado una ganda, vinavyouzwa kwa bei ya chee kwa watu wa mabanda ya kuku, uzio na kuni. Kando ya rundo hilo hupangwa mbao ambazo si mabanzi wala si za daraja la kwanza. Zimetoka ubavuni mwa gogo, karibu na ganda. Ni nzima, tena ubavuni ndiko kwenye mti uliokomaa kuliko moyoni, lakini ni nyembamba, hazimfai mpiga kenchi, na mwenye kinu huziachia kwa shingo upande.

Historia ninayoisimulia ilianzia kwenye mbao za aina hiyo. Haikuanzia Mufindi, ilianzia Steiermark, jimbo la kusini mashariki mwa Austria lenye misitu mingi ya sprusi, mti laini wa nchi za baridi ulio jamaa wa karibu wa misindano yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wenye vinu wa huko walikuwa wakijiuliza wazifanyie nini mbao za ubavuni ili zilipe zaidi. Swali hilo likaingia Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, likamkuta kijana aliyekuwa akiandika tasnifu yake ya udaktari, Gerhard Schickhofer. Leo kuna jengo la ghorofa 25 mjini Milwaukee, Marekani, lenye kimo cha mita 86.6, ambalo sehemu kubwa ya mwili wake ni mti. Kati ya swali la wale wapasua mbao na jengo hilo kuna madarasa, kuna maabara, na kuna watu walioshinda wakivunja mbao kwa makusudi, moja baada ya nyingine, wakiandika kila ilipovunjika.

Lakini kwanza tuone jinsi vyuo vilivyoisahau mbao.

Mwaka 1874 Sweden, nchi iliyojaa misitu, ilikataza nyumba za mbao zenye zaidi ya sakafu mbili. Sababu ilikuwa moto. Miji ya mbao ilikuwa ikiteketea, na kila ilipoteketea serikali ilikaza sheria. London ilikwisha kupita njia hiyo baada ya moto wa 1666, ilipoamriwa kujengwa upya kwa tofali na mawe. Katazo la Sweden lilidumu hadi 1994, yaani miaka 120. Mtu anaweza kuona hiyo ni habari ya wanasheria tu, ila mimi naona jeraha lake kubwa lilikuwa darasani. Jengo lisiloruhusiwa halina mteja, na jengo lisilo na mteja halina mwalimu. Mwanafunzi wa usanifu majengo wa karne ya 20 alifundishwa zege na chuma, akapewa majedwali ya zege na chuma, akaona picha za majengo ya zege na chuma. Mbao aliikuta kwenye paa, milango na samani, na ujuzi wake ukabaki mikononi mwa maseremala ambao hakuna aliyewaita chuoni.

Seremala mmoja wa aina hiyo alikuwa Otto Hetzer wa Weimar, Ujerumani. Mwaka 1906 alipata hataza ya kugandisha mbao nyembamba kwa gundi, moja juu ya nyingine, zikiwa zimekunjwa kufuata umbo la upinde, hadi zikawa boriti moja. Hapo ndipo boriti ilipoacha kufungwa na urefu wa mti. Mwaka 1910, kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels, ukumbi wa reli za Ujerumani ulisimama kwa matao ya Hetzer yaliyoruka mita 43 bila nguzo katikati.

Mmoja wa watu waliofanya kazi na Hetzer, Max Hanisch, alihamia Marekani mwaka 1923. Miaka 11 baadaye alikuwa Peshtigo, mji mdogo wa Wisconsin, akijenga ukumbi wa michezo wa shule kwa matao ya mbao za kugandishwa. Mji huo ulikuwa na kumbukumbu chungu. Mwaka 1871 moto wa msituni uliufuta wote, watu zaidi ya 1,000 wakafa. Maofisa wa jimbo walipoiona michoro ya Hanisch waliikataa, maana hawakuwa na kitabu chochote cha kuwaonyesha kwamba gundi na mbao vinaweza kubeba paa juu ya vichwa vya watoto. Mwishowe walikubaliana atie boliti na mikanda ya chuma, chuma ambacho hesabu yake haikukihitaji.

Hapo ndipo maabara ilipoingia. Maabara ya serikali ya mazao ya misitu mjini Madison, iliyofunguliwa mwaka 1910 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Wisconsin, iliyapima matao ya aina hiyo, ikayapandishia mizigo, ikasubiri, ikapima tena. Mwaka 1939 ikachapisha kitabu kuhusu tao la mbao za kugandishwa. Tangu hapo ofisa aliyetaka ushahidi aliweza kufungua ukurasa na kuusoma. Ukumbi wa Peshtigo ulikuwa umesimama miaka mitano kabla ya kitabu hicho, lakini ni kitabu, si ukumbi, kilichoufungua mlango kwa wengine.

Baada ya Vita vya Pili zege ilishika kila kitu, na mbao ikarudi nyuma tena. Aliyeivuta mbele kwa nguvu za mwalimu ni Julius Natterer, Mjerumani wa Bavaria aliyezaliwa mwaka 1938. Mwaka 1978 alipewa uprofesa wa ujenzi wa mbao katika chuo cha teknolojia cha Lausanne, Uswisi, akaushika hadi 2004. Natterer hakuanza na mashine za bei kubwa. Katika miaka ya 1970 alishikilia wazo ambalo fundi yeyote wa Keko, Dar es Salaam, angelielewa bila mkalimani: chukua mbao za bei nafuu, zisimamishe kwa ubavu, zipange bega kwa bega, zipige misumari zishikane. Mbao moja ni dhaifu na ina vifundo. Mbao mia zilizoshikamana zinagawana udhaifu, kifundo cha moja kinabebwa na uzima wa jirani zake, na ukishamaliza una sakafu nene inayobeba ghorofa.

Mwaka 1991 alisimamisha ndani ya eneo la chuo chake jengo linaloitwa Polydôme. Ni kuba la mbao lenye ubavu wa kama mita 25 kila upande, limefumwa kwa vibao vyembamba vilivyopindwa na kupishana kama ukili wa mkeka. Wanafunzi waliingia chini yake, wakatazama juu, wakaona kila kibao na kila skrubu. Nadhani hilo ndilo somo bora alilowahi kulitoa. Kitabu cha kiada hukuambia kwamba ganda jembamba hupata nguvu kwa umbo lake. Chini ya Polydôme shingo yako ndiyo inayokuambia. Mwaka 2003 akaongeza mnara wa Sauvabelin juu ya mji huohuo, mita 35, uliojengwa kwa miti ya misitu ya manispaa, wenye ngazi mbili zinazozungukana ili anayepanda asigongane na anayeshuka. Kati ya hayo mawili, kwenye maonyesho ya dunia ya Hannover mwaka 2000, yeye na msanifu Thomas Herzog walisimamisha miavuli 10 ya mbao, kila mmoja na upana wa takriban mita 40, ikisimama juu ya magogo mazima ya miti mikubwa. Alifariki mwaka 2021.

Turudi Graz.

Jibu lililotafutwa huko lilikuwa kuzigandisha mbao tabaka kwa tabaka, zikipishana, kuwa bamba moja nene. Wazo hilo halikuwa geni. Plaiwudi ni hilohilo kwa tabaka nyembamba, na mwaka 1923 watu wawili wa Tacoma, Marekani, walikuwa wamepata hataza ya kitu kinachofanana sana na bamba tunalolizungumzia. Nchini Uswisi, Ujerumani na Ufaransa pia kulikuwa na waliojaribu. Kilichokosekana ni hesabu. Ukichukua mbao za ubavuni zenye unene wa milimita 20 hadi 40, ukazipanga zote zikielekea kaskazini, ukapaka gundi, ukalaza tabaka la pili likielekea mashariki, kisha la tatu kaskazini tena, ukazibana, unapata bamba. Nitaliita bamba pishano. Bamba hilo halivimbi wala halisinyai ovyo, kwa sababu mbao hucheza kwa upana, haichezi kwa urefu, na sasa kila tabaka limemshika mwenzake palepale anapotaka kucheza. Seremala aliyewahi kuona mlango wa mbao nzima ukigoma kufungwa msimu wa masika anajua thamani ya jambo hilo.

Ila litabeba uzito gani? Hapo hesabu za kawaida za boriti zilikwama, na sababu yake inaweza kuonekana mezani. Chukua njiti za ufagio wa chelewa, zipange sambamba juu ya rula, kisha laza rula nyingine juu yake. Kandamiza kwa kiganja: njiti zinastahimili. Sasa isukume rula ya juu kwa upande, kukata njiti. Rula inateleza, na ukitazama kwa karibu utaona njiti zinabingirika. Nyuzi za mti ni kama njiti hizo. Katika bamba pishano tabaka la katikati limelala kukata njia ya mzigo, na sakafu inapopinda, tabaka la juu na la chini huling'ang'ania hilo la kati na kulitaka libingirike. Wajerumani wameliita jambo hilo mkato wa kubingirika. Sprusi inayovutwa kufuata nyuzi zake ina ukakamavu wa mara 30 kuliko ikivutwa kukata nyuzi, na katika kubingirika ukakamavu wake hushuka hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya ule wa mkato wa kawaida. Anayekokotoa bamba kana kwamba ni ubao mmoja mnene anajidanganya, na sakafu yake itabonyea. Anayekokotoa kana kwamba tabaka hazishikani kabisa anamaliza msitu bure.

Tasnifu ya Schickhofer ilikamilika mwaka 1994, na mada yake ilikuwa hiyohiyo: jinsi mbao zilizopangwa tabaka kwa tabaka zinavyoshikana, kwa ukakamavu au kwa ulegevu, na jinsi ya kuukokotoa mshikamano huo. Aliifanya kazi yake akiwa na wenye vinu vidogo mkono mmoja na maabara mkono wa pili. Mwaka 1998 Austria ikatoa idhini ya kitaifa ya bidhaa hiyo, na viwanda vya kwanza vikaanza kufyatua mabamba. Mwaka 2002 Graz ikapata kituo cha utafiti wa mbao kilichogharimiwa kwa pamoja na serikali na wenye viwanda, na mwaka 2004 chuo kikaanzisha taasisi kamili ya uhandisi wa mbao, Schickhofer akiwa mkuu wake. Baadaye wakachapisha kitabu cha mwongozo wa bamba pishano na kutengeneza programu ya kompyuta ya kulikokotoa. Mwaka 2019 alitunukiwa Tuzo ya Marcus Wallenberg, ambayo kwa watu wa misitu ndiyo kubwa kuliko zote.

Ninachokiheshimu zaidi katika kazi ya Graz ni kwamba hawakuishia kwenye bamba. Jengo halianguki katikati ya bamba. Huanguka kwenye maungio. Kwa hiyo miaka ilipita watu wakichomoa skrubu. Skrubu ndefu inaingizwa kwenye mbao kwa pembe fulani, mashine inaivuta hadi itoke, namba inaandikwa. Kisha pembe nyingine, kisha kwenye ufa kati ya mbao mbili, kisha kwenye mbao yenye unyevu. Kazi hiyo haipigwi picha, lakini mhandisi wa London au Vancouver anapochora mstari mdogo unaomaanisha skrubu, chini ya mstari huo kuna mwanafunzi aliyeichomoa.

Waliobaki na shaka ni watu wa matetemeko. Oktoba 2007, timu ya Waitaliano ikiongozwa na Ario Ceccotti ilisafirisha mabamba kutoka Italia hadi Miki, karibu na Kobe, kwenye meza kubwa ya mtetemo ya Wajapani: mita 20 kwa 15, yenye uwezo wa kutikisa tani 1,200. Walisimamisha juu yake jengo la sakafu saba, mita 23.5, kisha wakacheza mtikisiko uleule uliorekodiwa Kobe tarehe 17 Januari 1995, tetemeko lililoua watu zaidi ya 6,400, wengi wao wakifukiwa na nyumba kuukuu za mbao zenye mapaa mazito ya vigae. Jengo liliyumba, likapiga kelele kwenye maungio, likarudi wima. Kilichohitaji kutengenezwa kilikuwa vyuma vichache vya kulishikilia chini. Mabamba yenyewe yalibaki imara. Kwa Wajapani, waliokuwa na makaburi ya Kobe karibu namna ile, jambo hilo halikuwa la vitabuni.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2009, majengo mawili yalikamilika ambayo walimu wa usanifu huyataja hadi leo. La kwanza liko Växjö, Sweden, katika nchi ileile iliyokuwa na katazo la miaka 120: majumba manne ya sakafu nane, na chuo kikuu cha mji huo kikishiriki kupima jinsi mbao zinavyotulia chini ya uzito kadiri miaka inavyopita. La pili liko mtaa wa Murray Grove, London, kazi ya wasanifu Waugh Thistleton: sakafu tisa, nane za juu zikiwa za bamba pishano, nyumba 29. Mabamba yalitoka Austria yakiwa yamekwishakatwa madirisha na milango. Mafundi wanne waliyasimamisha kwa siku 27 za kazi. Ikumbukwe kwamba mita moja ya ujazo ya sprusi ina kama kilo 450, wakati ya zege ina kama 2,400. Msingi unakuwa mdogo, winchi inakuwa ndogo, na mtaa haujai vumbi na honi za malori ya zege.

Swali la moto lilibaki, na halipaswi kupuuzwa. Mbao nene ikiungua hujivika makaa, na makaa hayo hulizuia joto lisiingie ndani. Kanuni za Ulaya zinakadiria milimita 0.65 kwa dakika kwa mbao laini, kwa hiyo katika saa nzima huliwa kama sentimita 4, na mhandisi huongeza unene huo kabla hata ya kuanza hesabu ya mzigo. Aliyewahi kusukuma gogo jikoni anajua linavyoweza kuwa jekundu nje na gumu ndani. Lakini maabara zilionyesha pia jambo ambalo wauzaji hawakulipenda: gundi fulani hulegea kwa joto, tabaka lililoungua linadondoka, na mbao mpya inafunuliwa kwa moto kama kuni iliyoongezwa. Kiwango cha Marekani Kaskazini kilirekebishwa mwaka 2018 kutaka gundi inayostahimili. Uingereza nayo, baada ya jumba la Grenfell kuungua mwaka 2017 na kuua watu 72, ilikataza vitu vinavyoungua kwenye kuta za nje za majumba marefu ya makazi. Moto wa Grenfell ulipanda kwa vifuniko vya nje vya ukuta, haukuwa wa mbao, lakini katazo liliigusa mbao pia. Hapo naona kivuli cha 1874, na naona pia kwa nini namba za maabara zina kazi. Safari hii kulikuwa na watu wenye vipimo vya kuvipeleka serikalini.

Kufikia hapo vyuo vyenyewe vilianza kujijengea kwa mbao. Kisa kinachonigusa ni cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst. Usanifu majengo, usanifu wa mandhari na teknolojia ya ujenzi zilikuwa zimetawanyika katika majengo mbalimbali, na jengo jipya la kuziweka pamoja lilifikiriwa kwanza kuwa la chuma. Walimu wa mbao walikataa. Mmoja wao, Profesa Peggi Clouston, alikuwa ametumia miaka akichunguza sakafu ya mchanganyiko: bamba la mbao chini, zege nyembamba juu, na wavu wa chuma uliogandishwa kwenye mifuo ya mbao ukizishika mbili hizo zifanye kazi kama kitu kimoja. Jengo lilifunguliwa mwaka 2017, kazi ya wasanifu Leers Weinzapfel, na sakafu zake ni zile za utafiti wake. Mwanafunzi anakaa akichora juu ya utafiti huo, anatembea juu yake, na akiinua macho anauona upande wake wa chini.

Nikiiwaza sakafu hiyo huwa naikumbuka sakafu ya nyumba za Mji Mkongwe na Lamu. Nasi tuliweka mti chini na jiwe juu: boriti za mikoko zimepangwa karibukaribu, juu yake mawe na chokaa. Urefu wa boriti ndio uliopima vyumba vyetu. Mkoko ulionyooka na kufaa hautoi zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo chumba cha Mswahili kikawa chembamba na kirefu, kutoka Pate hadi Kilwa, na ng'ambo ya bahari pia, katika nyumba za Oman na Ghuba zilizojengwa kwa boriti za Rufiji na Lamu zilizopakiwa majahazini. Tofauti yetu na Amherst ni moja: chokaa yetu haikushikana na boriti. Iliielemea tu, na boriti ikabeba peke yake. Wavu ule wa chuma ndio ulioufanya uzito kuwa nguvu.

Mwaka huohuo wa 2017 Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, kilifungua bweni la Brock Commons: ghorofa 18, mita 53, vitanda 404. Ngazi na lifti ziko ndani ya viini viwili vya zege, sakafu ya chini ni zege, na zilizobaki 17 ni mbao, zilizosimamishwa kwa chini ya siku 70. Watafiti wa chuo walitia vipima unyevu ndani ya mabamba tangu kiwandani. Wanafunzi wamelala ndani ya maabara.

Kuna njia nyingine ya kufundisha, nayo iko msituni Hooke Park, Dorset, Uingereza, kwenye takriban hekta 150 zilizo chini ya shule ya usanifu ya Architectural Association tangu 2002. Wanafunzi wa huko huchagua mti ukiwa umesimama, huukata, na hujenga nao. Mwaka 2016 walikamilisha ghala la vipande vya kuni. Walipiga picha panda za miti ya mibichi, mti mgumu wa Ulaya, kama miti 200, kompyuta ikatafuta kila panda ikae wapi, na mkono wa roboti ukachonga maungio. Panda 20 zikawa tao. Hakuna iliyonyooshwa. Panda ya mti ni ungio ambalo mti wenyewe umelisuka kwa miaka, na hakuna skrubu ya kulishinda. Fundi wa majahazi wa Nungwi angewaelewa mara moja, maana mataruma ya jahazi hayapindwi. Hutafutwa msituni tayari yamepinda, fundi akizunguka mti na umbo la chombo kichwani mwake. Hooke Park wametumia kamera na roboti kufikia macho hayo, na sioni aibu kusema kwamba macho yetu yalistahili kuandikiwa kitabu mapema zaidi.

Mwaka 2023, San Diego, jengo la mbao la sakafu 10 liliwekwa juu ya meza ya mtetemo, likatikiswa zaidi ya mara 80, na kuta zake zilizoachwa ziyumbe huku zikishikiliwa na vyuma vilivyokazwa zikarudi mahali pake kila mara. Kisha sakafu nne za juu zikaondolewa, na zile sita zilizobaki zikaendelea kutumika kwa majaribio mengine.

Habari hii imetufikia. Mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa Burj Zanzibar, mnara wa ghorofa 28 na mita 96 huko Fumba, kiini chake zege na sehemu kubwa ya mwili wake mbao. Stellenbosch, Afrika Kusini, watafiti wamekuwa wakigandisha mikaratusi na misindano ya kwao kuwa mabamba. Na Sao Hill, Mufindi, kuna shamba kubwa la misindano ya serikali ambalo malori yake hupita mbele ya vyuo vyetu yakielekea Dar es Salaam.

Msindano wa Mufindi si sprusi ya Steiermark. Unakua haraka, pete zake ni pana, unavunwa ukiwa mchanga, na moyo wake laini huchukua sehemu kubwa zaidi ya gogo. Namba za Graz haziwezi kuhamishiwa kwake. Mkato wake wa kubingirika lazima upimwe kwake wenyewe, na upimaji wenyewe hauhitaji mnara: mbao tatu za ubavuni zilizokaushwa vizuri, zilizopigwa randa na kubanwa kwa gundi zikipishana, vipande vya kutosha ili bahati isijifanye elimu, mashine ya kukandamiza ambayo tayari iko katika maabara inayopima tofali za zege, na daftari. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa usanifu asimame karibu na mwenzake wa uhandisi, mashine iwashwe, na wote wawili wasikie mbao inavyolia kabla ya kukatika.